Anna Jarvis na Siku ya Mama

Kila mwaka inapofika Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei, watu wa nchi nyingi za dunia huadhimisha Siku ya Mama. Hata kwetu huku Kibaha na Kisarawe siku hiyo imekwisha kuingia. Watoto wa shule ya Jumapili huimba, vijana walioko Dar es Salaam hupiga simu nyumbani, na madukani huonekana kadi na maua. Si sikukuu ya serikali, wala haimo katika kalenda ya zamani ya Kanisa, lakini imepata nafasi katika mioyo ya watu. Basi ni vema tujue ilitoka wapi, nani aliyeianzisha, na kwa sababu gani.

Aliyeianzisha ni mwanamke Mmarekani, jina lake Anna Jarvis. Habari za maisha yake zina furaha na huzuni pamoja. Bibi huyu hakuolewa wala hakuzaa. Alitumia miaka yake ya nguvu kuipigania Siku ya Mama mpaka ikakubaliwa na taifa lake zima, kisha akatumia miaka yake ya uzee akijaribu kuifuta. Kwa nini mtu atake kuibomoa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe? Tukilipata jibu la swali hili, tutakuwa tumepata pia maana ya siku hiyo kwetu sisi.

Mama yake Anna

Hatuwezi kusimulia habari za Anna bila kuanza na mama yake mzazi, kwa maana mti hujulikana kwa shina lake. Mama huyo aliitwa Ann Reeves Jarvis. Alizaliwa mwaka 1832 katika jimbo la Virginia, naye alikuwa binti wa mhubiri wa Kanisa la Methodisti. Mwaka 1850 aliolewa na Granville Jarvis, mfanyabiashara, wakakaa katika kijiji cha Webster, penye vilima na mabonde. Sehemu hiyo baadaye ilitengwa na Virginia, ikawa jimbo la West Virginia.

Mama Jarvis alizaa watoto zaidi ya kumi, na wanne tu ndio waliofika utu uzima. Wengine wote aliwazika. Siku zile surua, dondakoo na homa ya matumbo zilikuwa zikipita nyumba kwa nyumba, na hapakuwa na chanjo za kuyazuia magonjwa hayo. Wahenga wetu walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama huyu aliujua uchungu huo mara nyingi kuliko tunavyoweza kufikiri.

Lakini hakukaa na kulia tu. Mwaka 1858 aliwakusanya wanawake wa Webster na wa miji minne ya jirani, yaani Grafton, Pruntytown, Philippi na Fetterman, wakaunda vyama vya akina mama vya kufanya kazi pamoja. Ndugu yake, ambaye alikuwa daktari, aliwafundisha jinsi magonjwa yanavyoenea. Akina mama hao wakaenda nyumba kwa nyumba. Walifundisha usafi wa maji na wa chakula, wakakagua maziwa ya watoto, wakachanga fedha za kununulia dawa, na mahali ambapo mama wa nyumba alikuwa na kifua kikuu, walitafuta mtu wa kumsaidia kazi na kumtunzia watoto.

Wazee wetu wakisoma habari hizi watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 hapa Tanzania. Watu walikaa katika vikundi kusikiliza mafundisho kwa redio, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kuchemsha maji ya kunywa. Kazi ya Mama Jarvis ilikuwa ya namna hiyo hiyo, ila yeye na wenzake waliianza wenyewe, bila redio wala amri ya mkubwa yeyote.

Wakati wa vita

Mwaka 1861 ilizuka vita ya wenyewe kwa wenyewe katika Marekani, watu wa kaskazini wakipigana na watu wa kusini. Vilima vile vya West Virginia vilikuwa mpakani, na majirani waligawanyika. Katika nyumba moja ndugu wawili waliweza kuvaa sare za majeshi mawili yanayopigana. Mama Jarvis aliwaomba wanawake wa vyama vyake wasichukue upande wowote. Nao wakakubali. Wakawauguza askari wa kaskazini na askari wa kusini, wakawalisha na kuwavika, bila kuuliza mtu ametoka jeshi gani. Katikati ya vita hiyo, tarehe 1 Mei, 1864, ndipo Anna alipozaliwa.

Vita ikaisha mwaka 1865, lakini chuki haikuisha. Wanaume waliorudi kutoka vitani hawakutaka kusalimiana njiani. Basi mwaka 1868 Mama Jarvis aliandaa mkutano katika nyumba ya mahakama ya Pruntytown, akawaalika askari wa pande zote mbili waje pamoja na jamaa zao. Aliuita Siku ya Urafiki ya Akina Mama. Wengi waliogopa kwamba damu itamwagika, na vitisho vilikuwapo. Hata hivyo mkutano ulifanyika, na husimuliwa kwamba watu waliokuwa maadui walilia na kushikana mikono.

Tukumbuke jambo hili. Kabla ya kuwapo kadi na maua, siku ya akina mama ilikuwa siku ya kupatanisha watu.

Sala ya mwaka 1876

Jamaa ya Jarvis walihamia mji wa Grafton, na Mama Jarvis alifundisha shule ya Jumapili katika kanisa la Methodisti la Andrews kwa muda wa miaka mingi. Siku moja mwaka 1876 alifundisha habari za akina mama wanaotajwa katika Biblia. Alipomaliza, alisali akimwomba Mungu ainue mtu atakayeanzisha siku ya kuwakumbuka akina mama, kwa ajili ya utumishi wao usio na kifani kwa wanadamu. Kati ya watoto waliokuwa wakisikiliza alikuwamo binti yake mwenyewe, Anna, mwenye umri wa miaka 12. Sala ile ikamwingia moyoni, wala haikutoka tena.

Hapa kuna jambo la kutufurahisha sisi Waanglikana. Mwaka ule ule wa 1876, ng'ambo ya bahari, katika kijiji cha Old Alresford nchini Uingereza, mke wa kasisi aitwaye Mary Sumner aliwaita wanawake wa kijijini nyumbani kwake ili wasaidiane katika malezi ya watoto. Ilipofika zamu yake ya kusema aliona haya, akashindwa, akawaomba warudi wiki ifuatayo. Kutokana na mkutano huo mdogo ulitoka Umoja wa Akina Mama, ambao leo upo katika dayosisi nyingi za Kanisa letu hapa Afrika na duniani kote. Sijapata kusoma kwamba wanawake hawa wawili walijuana. Lakini Mungu aliweka wazo linalofanana katika mioyo ya wote wawili, mwaka mmoja.

Anna anaweka nadhiri

Anna alikuwa msichana mwenye akili. Alisoma katika shule ya wasichana huko Staunton, Virginia, akarudi Grafton kufundisha shule. Baadaye alikwenda mji mkubwa wa Philadelphia, akaajiriwa na kampuni ya bima, akapewa kazi ya kuandika na kuhariri matangazo. Kwa mwanamke wa siku zile hicho kilikuwa cheo cha kuheshimiwa. Mama yake alibaki Grafton, na barua zilikuwa zikienda na kurudi kati yao. Baba alipofariki mwaka 1902, Anna na ndugu yake walimsihi mama aje akae nao mjini. Akaja, lakini afya yake ilikuwa imekwisha kudhoofika. Alifariki tarehe 9 Mei, 1905.

Anna alihuzunika sana. Mbele ya kaburi la mama yake aliikumbuka ile sala ya shule ya Jumapili, akaweka nadhiri kwamba yeye ndiye atakayeijibu. Akaanza kuandika barua. Aliwaandikia maaskofu na wachungaji, magavana, wabunge, matajiri na wahariri wa magazeti. Alitaka siku moja tu katika mwaka, nayo alichagua Jumapili ya pili ya Mei, kwa sababu huwa karibu na tarehe aliyofariki mama yake.

Tarehe 10 Mei, 1908, ibada ya kwanza ya Siku ya Mama ilifanyika katika kanisa lile lile la Andrews, mjini Grafton. Anna mwenyewe hakuwapo, bali alituma maua meupe 500 ya aina iitwayo kanesheni, ili washiriki wapewe. Hayo ndiyo maua aliyoyapenda mama yake. Siku hiyo hiyo mkutano mwingine mkubwa ulifanyika Philadelphia, katika ukumbi wa duka la tajiri mmoja aitwaye John Wanamaker, na Anna alisema mbele ya maelfu ya watu.

Mwaka 1910 jimbo la West Virginia lilikuwa la kwanza kuitangaza siku hiyo, na majimbo mengine yakafuata. Anna aliacha kazi yake ya bima ili aishughulikie siku hiyo peke yake. Mwishowe, mwezi wa Mei 1914, Bunge la Marekani lilipitisha azimio, na tarehe 9 Mei Rais Woodrow Wilson akatangaza kwamba Jumapili ya pili ya Mei iwe Siku ya Mama kwa taifa zima. Ilikuwa miaka tisa kamili tangu siku ile mama yake alipofariki.

Siku yageuzwa bidhaa

Laiti habari hii ingeishia hapa, ingekuwa habari ya furaha tupu. Lakini wafanyabiashara nao walikuwa wameiona siku hiyo. Mwanzoni Anna aliwapokea kama rafiki, maana walimsaidia kuieneza. Ikawa kila ufikapo mwezi wa Mei bei ya maua meupe hupanda. Maua meupe yalipoadimika, wauza maua waliwafundisha watu kwamba meupe ni kwa yule aliyefiwa na mama, na mekundu ni kwa yule ambaye mama yake yu hai. Wachapaji wakatoa kadi zenye maneno tayari, mtu asipate hata taabu ya kufikiri. Wauza peremende wakatengeneza masanduku maalumu.

Anna alikasirika. Alitaka kila mtoto aende kumwona mama yake, na kama yuko mbali amwandikie barua kwa mkono wake. Kadi ya kununua aliiona kuwa ni uvivu, na peremende aliziona kuwa mara nyingi mtoto humletea mama kisha akazila mwenyewe. Akaanza vita vya pili, safari hii dhidi ya wale waliokuwa wakichuma fedha kwa jina la siku yake. Mwaka 1923 aliingia katika mkutano wa wauza peremende huko Philadelphia na kuwakemea. Mwaka 1925 aliingia katika mkutano wa chama cha akina mama wa askari, waliokuwa wakiuza maua ili kupata fedha za chama, na polisi wakamkamata kwa kosa la kuvunja amani. Alishtaki watu, akatisha kushtaki wengine, na mali yake ikaanza kumalizika.

Yafaa tumhurumie na kumsifu kwa jambo moja. Kama angetaka utajiri, angeupata. Kampuni nyingi zingefurahi kumlipa ili litumike jina lake. Yeye hakutaka. Aliamini kwamba upendo wa mama hauuzwi, akasimama katika imani hiyo mpaka akawa maskini.

Alipokosea

Lakini yafaa tuseme pia alipokosea, kwa sababu kosa lake laweza kuwa letu. Katika miaka ya 1930 baadhi ya watu wema wa Marekani waliitumia Siku ya Mama kukusanya fedha za kuwasaidia akina mama maskini, kwa kuwa wengi walikuwa wakifa katika uzazi, na watoto wao wachanga pia. Kati ya waliounga mkono kazi hiyo alikuwa mke wa Rais, Bibi Eleanor Roosevelt. Anna aliwapinga hao kama alivyowapinga wauza peremende. Kwake yeye wote walikuwa wezi wa siku yake.

Hapo ndipo mtu anaposimama na kushangaa. Kuwaokoa akina mama na watoto wasife ndiyo kazi iliyofanywa na mama yake mwenyewe mwaka 1858, nyumba kwa nyumba, na ndoo ya maji na chupa ya dawa mkononi. Mama aliomba siku ya kukumbuka utumishi. Binti aliilinda siku kwa bidii kubwa hata akausahau utumishi wenyewe.

Hata jina la siku lilionyesha tofauti hiyo. Mama Jarvis alisema habari za akina mama, wengi. Anna alisisitiza kwamba jina liandikwe kwa umoja, Siku ya Mama, ili kila mtu amkumbuke mama yake mmoja, aliyemzaa. Ni wazo zuri, nalo lina haki yake. Lakini kwetu sisi neno mama halikomei kwa mtu mmoja. Tuna mama mkubwa na mama mdogo, tuna shangazi na bibi waliotulea, na mama wa jirani aliyetupa uji siku ambayo kwetu hapakupikwa. Mtoto wa Kiafrika akiambiwa amheshimu mama yake, hana budi kuheshimu nyumba nyingi.

Mwisho wake

Anna alizeeka katika nyumba yake huko Philadelphia, akiishi na ndugu yake wa kike aliyekuwa kipofu, naye mwenyewe macho yakaanza kupotea. Mwaka 1943 alianza kukusanya saini za watu ili Siku ya Mama ifutwe kabisa. Kazi hiyo hakuimaliza. Afya yake ilivunjika, fedha zikaisha, rafiki wakampeleka katika nyumba ya kutunzia wagonjwa katika mji wa West Chester. Inasemekana kwamba gharama zake nyingine zililipwa na watu wa biashara ya maua, wale wale aliokuwa akipigana nao, bila yeye kujua. Alifariki tarehe 24 Novemba, 1948, akiwa na umri wa miaka 84, akazikwa kando ya mama yake. Lile kanisa la Grafton, tangu mwaka 1962, limehifadhiwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya Siku ya Mama.

Kanisa letu na akina mama

Habari za Anna zilivuka bahari mapema. Mwaka 1913 binti mmoja wa kasisi wa Kianglikana, aitwaye Constance Penswick Smith, alisoma gazetini huko Uingereza kwamba kuna mpango wa kuileta Siku ya Mama katika nchi hiyo. Akakumbuka kwamba Kanisa lilikuwa tayari na siku yake, nayo ni Jumapili ya nne ya Kwaresima. Zamani siku hiyo watu walikuwa wakirudi kusali katika kanisa mama la mahali pao, na vijana watumishi waliruhusiwa na mabwana zao kwenda nyumbani kuwaona wazazi. Na Waraka uliowekwa kwa Jumapili hiyo katika Kitabu cha Sala, kutoka kwa Wagalatia, unasema habari za Yerusalemu wa juu kuwa ni mama yetu. Desturi hiyo ilikuwa karibu kufa. Bibi Constance aliandika vitabu na kuwahimiza makasisi mpaka ikafufuka. Yeye alikusanya mambo mengi katika siku moja: Kanisa mama, akina mama wa nyumbani, Bikira Maria, na ardhi inayotulisha. Naye pia, kama Anna, hakuolewa. Alifariki mwaka 1938.

Kwa hiyo sisi Waanglikana hatukosi siku. Tunayo Jumapili ya nne ya Kwaresima. Tunayo tarehe 25 Machi, Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, ambayo Umoja wa Akina Mama huipenda kuliko zote. Na sasa imekuja hii ya mwezi wa Mei. Siku tunazo za kutosha. Yatupasa tujiulize kama na utumishi tunao.

Nasi tufanyeje?

Ndugu Wakristo, wengi wetu tuna mama zetu vijijini, ndani ya Kisarawe katika mikorosho na mihogo, au ng'ambo ya Mlandizi. Sisi wenyewe tuko Dar es Salaam, au Kibaha Maili Moja katika shughuli. Siku hizi fedha hufika kwa simu kwa dakika moja, nasi twamshukuru Mungu, maana dawa haingoji basi. Lakini fedha ya simu yaweza kuwa kama ile kadi aliyoichukia Anna Jarvis. Yatumwa upesi ili mtu asiende. Yuko mama ambaye kila mwezi hupokea fedha, na hajauona uso wa mwanawe tangu Krismasi ya mwaka juzi. Akiumwa usiku, huenda akamwita mjukuu wa miaka minane. Nenda ukamwone. Kaa naye jamvini, ule alichopika, uangalie kama paa linavuja na kama macho yake bado yanaona. Kama njia ni ndefu, hata sauti yako kwa nusu saa ina thamani kuliko ujumbe wa maneno matatu.

Pili, tufanye kama Mama Jarvis. Hata leo wako akina mama wanaokufa katika kujifungua, na watoto wanaokufa kwa kuhara na homa. Katika mitaa yetu kuna zahanati, na pale Kibaha kuna Hospitali ya Tumbi, lakini mama mjamzito wa kijiji cha ndani aweza kukosa nauli, au mtu wa kumsindikiza, au wa kuwaangalia watoto aliowaacha nyumbani. Sadaka ya Siku ya Mama ikiwa nauli ya mama mmoja kufika hospitali kwa wakati, hiyo ni sadaka njema. Kikundi cha akina mama na vijana wakisafisha kisima, au wakimtembelea mjane na kumjazia mtungi maji, wamewaheshimu akina mama wote wa kijiji. Sisi Waanglikana tumekwisha kufundishwa hivyo tangu zamani. Wamisionari wa UMCA waliojenga Chuo cha Mtakatifu Andrea pale Minaki, Kisarawe, hawakutenga mafundisho ya dini na kazi za mikono.

Tatu, tukumbuke mkutano wa Pruntytown. Katika nyumba nyingi ndugu wa tumbo moja hawasemezani kwa ajili ya shamba au kiwanja. Mama yao yuko katikati, na kila mmoja humletea mashtaka ya mwenzake. Khanga nzuri kwa mama huyo ni jambo jema. Lakini kama wanawe wawili wangefika pamoja siku hiyo, wakakaa jamvi moja na kula sahani moja, angelala usingizi ambao hajaulala kwa muda mrefu.

Na wale ambao mama zao wamelala katika Bwana, kama ilivyokuwa kwa Anna alipoianza kazi yake, waende wakapalilie kaburi, wasali, kisha wamtafute mama mwingine aliye hai asiye na mtoto wa kumtazama. Bwana wetu mwenyewe, katika uchungu wa msalaba, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Hakumpa zawadi ya siku moja. Alimpa nafasi nyumbani.

Anna Jarvis alikufa akidhani kwamba siku yake imeharibika kabisa. Sisi twaweza kuonyesha kwamba haikuharibika. Jumapili ya pili ya Mei ijayo, baada ya Misa, kila mmoja wetu atoke kanisani akiwa amekwisha kuamua aende kwa mama yupi, na akafanye nini huko.